Kijana wa Miaka 18 au Mtu Mzima wa 22? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Drafti ya NBA

Barua nyingi za mwezi huu zinagombania jambo moja: umri wa chipukizi wanaochaguliwa na timu za NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani. Tumejibu zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Tunaposema drafti tuna maana ya shughuli ya kila mwaka ambapo timu 30 hugawana chipukizi kwa zamu, raundi mbili, wala si ule mchezo wa kete za barazani.

SWALI: Ndugu mhariri, kijiweni kwetu hatuelewani. Timu ikichukua mtoto wa miaka 18 watu wanasema samaki mkunje angali mbichi. Ikichukua mtu wa miaka 22 wananuna, hata kama huyo wa 22 ndiye aliyekuwa akifunga pointi nyingi zaidi chuoni. Miaka minne inabadilisha nini hasa? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Inabadilisha mambo mawili: uzito wa takwimu zake, na miaka ambayo timu itamlipa fedha nyingi. Tuanze na la pili, maana vijiweni ndilo linalosahaulika.

Mchezaji wa raundi ya kwanza hana nafasi kubwa ya kubishania mshahara. Kiwango kimepangwa kulingana na namba aliyochaguliwa, na timu inaweza kumpa kati ya asilimia 80 na 120 ya kiwango hicho. Karibu wote hupewa 120. Misimu miwili ya mwanzo ni ya uhakika. Wa tatu na wa nne ni hiari ya timu, na hiari hiyo ina tarehe: uamuzi wa msimu wa tatu lazima utolewe kabla Oktoba haijaisha, kijana akiwa amecheza msimu mmoja tu. Baada ya msimu wa tatu pande mbili zinaweza kuongeza mkataba. Zisipoongeza, baada ya wa nne anakuwa mchezaji huru mwenye masharti: timu nyingine ikimpa ofa, timu yake ina haki ya kulipa kiasi hichohicho ikabaki naye.

Sasa ingiza umri humo. Cooper Flagg alizaliwa Desemba 21, 2006, na Dallas Mavericks walimchukua wa kwanza Juni 25, 2025 akiwa na miaka 18 na nusu. Misimu yake minne ikiisha mwaka 2029 atakuwa na miaka 22 na nusu. Desmond Bane alizaliwa Juni 25, 1998, na drafti yake ilifanyika Novemba 2020 kwa sababu ya korona. Aliingia kwenye ligi akiwa na miaka 22 na karibu miezi mitano. Yaani umri ambao Flagg atakuwa akimaliza mkataba wa kwanza, Bane alikuwa ndiyo kwanza anauanza. Mkataba wa pili ukiwa wa miaka mitano, wa Flagg utaisha akiwa na miaka 27 na nusu, mwili bado unapanda. Kwa mtu aliyeingia na miaka 22 na nusu, mkataba kama huo unaisha akiwa na 31 na ushei, na ile miaka ya mwisho mwisho timu inalipa fedha nyingi kwa miguu inayoanza kupungua.

Kuhusu takwimu: mtu wa miaka 22 chuoni anasukumana na watoto waliomaliza sekondari mwaka jana. Kwa hiyo usilinganishe msimu wa mwisho wa huyu na msimu wa kwanza wa yule. Tafuta alichofanya huyo mkubwa alipokuwa na miaka 19. Kama alikuwa benchi, jiulize kilichokua ni ujuzi au ni misuli tu. Misuli haimsaidii tena akifika NBA, kwa sababu kule kila mtu anayo. Angalia asilimia ya mitupo huru na idadi ya pointi tatu anazojaribu, si zinazoingia peke yake, kwani mitupo huru ndiyo inayoeleza vizuri zaidi kama mkono wake utakubali kutoka mbali. Kisha asisti zake (pasi zinazozaa kikapu) ukizilinganisha na mara anazopoteza mpira. Hesabu umri kwa miezi, tarehe ya kuzaliwa hadi usiku wa drafti. Wawili walioandikwa "miaka 19" wanaweza kupishana miezi 11, na katika umri huo miezi 11 ni mingi.

Lakini kutoka hapo kusema mdogo ni bora kila mara ni kosa, na ndipo tunapotofautiana na wenzako wa kijiweni. Ukiwa na moja ya namba tano za juu, tafuta umri mdogo, kwa sababu mchezaji huyo utamshika mikataba miwili au mitatu. Ukiwa namba 20 kwenda chini, umri mdogo unaoachwa mpaka hapo kwa kawaida umeachwa kwa sababu. Chukua aliye tayari. Miaka minne ya bei nafuu ya mtu aliyeingia na 22 inaangukia umri wa 22 hadi 26, na hiyo ni kazi ya mtu mzima kwa malipo ya chipukizi. Bane alichaguliwa wa 30, akaenda Memphis. Kiangazi cha 2025 Memphis waliwapa Orlando Magic mchezaji huyo wakapata, pamoja na wachezaji, machaguo manne ya raundi ya kwanza, yaani zamu nne za kuchagua chipukizi.

Mfano mwingine ulitokea usiku mmoja. Mwaka 2022 Oklahoma City Thunder walipata namba 11 na 12. Ya 11, waliyoipata kwa biashara (kubadilishana) na New York, ilikuwa Ousmane Dieng wa Ufaransa, miaka 19. Ya 12 ilikuwa Jalen Williams, miaka 21, aliyekaa misimu mitatu katika chuo kidogo cha Santa Clara. Williams akawa nguzo ya ubingwa wa 2025, Dieng hakupata dakika za kudumu. Hiyo namba 12 yenyewe ilitoka kwa Los Angeles Clippers katika biashara ya 2019 iliyompeleka Paul George kwao, iliyowapa Thunder pia nyota wao Shai Gilgeous-Alexander.

SWALI: Shikamoo mhariri. Sisi Watanzania bado tunaulizwa kuhusu Hasheem Thabeet kuchaguliwa wa pili mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Je, tatizo lilikuwa umri wake? (Msomaji, Kinondoni, Dar es Salaam)

JIBU: Marahaba. Umri ulikuwa sehemu ndogo. Alizaliwa Februari 1987, kwa hiyo Memphis Grizzlies walimchukua akiwa na miaka 22 na miezi minne. Harden, aliyefuata namba tatu, alikuwa na 19. Curry, namba saba, alikuwa na 21. Na heshima yake ibaki: Mtanzania wa kwanza NBA, na katika msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira inayorudi baada ya kukosa kikapu) 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kwa mchezo, timu ikafika nusu fainali ya vyuo. Hakuna aliyempa nafasi ile kwa huruma.

Kilichomkwamisha ni mambo matatu yaliyokutana. Kwanza, alianza kikapu akiwa na miaka kama 15, hivyo umri wake wa kuzaliwa ulikuwa 22 lakini umri wake wa mpira ulikuwa kama saba. Mchezaji wa namna hiyo anahitaji dakika nyingi za kukosea. Pili, Grizzlies tayari walikuwa na Marc Gasol katikati, kwa hiyo dakika hizo hazikuwepo: msimu wa kwanza alipata kama 13 kwa mchezo, na katikati ya msimu akapelekwa ligi ya maendeleo. Tatu, chuoni alitawala kwa urefu wa zaidi ya mita 2.2 dhidi ya watu waliomfikia mabegani. NBA walimvuta nje ya boksi, lile eneo la chini ya kikapu, wakamlazimisha kukaba kwa miguu badala ya mikono, na faulo zikamjia haraka. Februari 2011, hata misimu miwili haijaisha, akauzwa Houston.

Mlinganishe na Pascal Siakam wa Kameruni. Naye alichelewa kuanza kikapu, naye alikuwa na miaka 22 alipochaguliwa wa 27 mwaka 2016. Ila Toronto Raptors walimlea taratibu, hakuna aliyemtazama kama namba mbili, na mwaka 2019 akawa bingwa na mchezaji aliyepiga hatua zaidi ya wote. Umri uleule, mazingira tofauti. Kwa hiyo mkiulizwa tena, jibuni kwamba kosa la Memphis lilikuwa kuchagua mwanafunzi mahali ambapo hawakuwa na darasa la kumfundishia, huku wafungaji wakiwa wamebaki mezani.

SWALI: Jambo bwana mhariri. Hapa Goma Jonathan Kuminga ni mtoto wetu. Mashabiki wa Warriors wanasema kumchagua akiwa na miaka 18 kulikuwa kosa, ilitakiwa wachukue mtu aliye tayari. Wana haki? (Msomaji, Goma)

JIBU: Wana nusu ya haki. Msimu wa 2019/20 Golden State Warriors walimaliza wa mwisho, ushindi 15 na vipigo 50, wakapata namba mbili ya 2020: James Wiseman, senta (mchezaji wa katikati) wa miaka 19 aliyekuwa amecheza michezo mitatu tu ya chuo. Mwaka uliofuata wakawa na namba saba, iliyotoka Minnesota, wakamchukua Jonathan Kuminga, na namba 14 wakamchukua Moses Moody wa miaka 19. Wakati huo nyota wao Curry alikuwa na 33, Klay Thompson na Draymond Green 31 kila mmoja.

Saa mbili zikawa zinakimbia katika chumba kimoja. Wakongwe walihitaji msaada msimu huohuo, chipukizi walihitaji kukosea kwa miaka mitatu. Kocha anayewania ubingwa hamwachi kijana akosee robo ya nne. Wiseman aliumia goti, akapitwa na msimu mzima wa 2021/22, na Februari 2023 akaondoka. Kuminga alipata pete ya ubingwa ya 2022 akiwa na miaka 19, lakini majukumu yake yakawa ya kupanda na kushuka, na kiangazi cha 2025 akafika mwisho wa mkataba wa kwanza akiwa na miaka 22, pande zote mbili zikivutana kuhusu thamani yake.

Nusu nyingine ya haki ni yenu. Aliyefuata baada yake, namba nane, alikuwa Franz Wagner, aliyekwenda Orlando na mwaka 2024 akasaini nyongeza ya mkataba kwa mshahara wa kiwango cha juu. Watu husema "alikuwa mkubwa zaidi". Alimzidi Kuminga miezi 13 tu! Tofauti kubwa zaidi ni kwamba kabla ya miaka miwili ya chuo Michigan, Wagner alishacheza na watu wazima katika Alba Berlin, na Orlando ilikuwa timu inayojenga upya, ikampa dakika tangu siku ya kwanza. Tungekuwa sisi, tungewauliza Warriors swali moja tu: mlipomchukua, mlipanga dakika zake zitoke kwa nani? Bila jibu la hilo, mtoto wa miaka 18 mwenye kipaji chochote anachakaa benchi.

SWALI: Bwana mwandishi, Oscar Tshiebwe wetu alikuwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani mwaka 2022, na mwaka 2023 hakuchaguliwa na timu hata moja kati ya 30. Bismack Biyombo, naye wa hapa, alichaguliwa wa saba 2011 bila sifa kama hizo. Huu ni uadilifu gani? (Msomaji, Lubumbashi)

JIBU: Uchungu wenu tunauelewa. Mtu anayechukua ribaundi 15 na kufunga pointi 17 kwa mchezo katika Kentucky si wa kupuuzwa. Lakini Tshiebwe aliingia drafti akiwa na miaka 23 na nusu, ana kama mita 2.06 akicheza senta, hatupi pointi tatu, na hakabi vizuri anapovutwa nje. Timu zilijiuliza: je, atabadilika? Kwa umri ule zikajibu kuwa alichonacho ndicho atakachokuwa nacho, na senta wa kimo hicho asiyezuia mitupo ni mgumu kumpanga. Biyombo alikuwa na 18, mikono mirefu mno, na aliruka. Walinunua mustakabali wake. Kuhusu yeye kulikuwa na minong'ono juu ya umri wake halisi, jambo linalowakuta wengi wanaotoka maeneo ambako vyeti vya kuzaliwa hutolewa kwa kuchelewa. Minong'ono hiyo ni hasara ya fedha, maana timu inayoshuku umri inapunguza matarajio ya ukuaji na kukushusha nafasi. Biyombo alijibu kwa kudumu NBA zaidi ya misimu kumi. Kwa wazazi wenye vijana warefu, ushauri ni huu: cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na rekodi za shule ziwekwe pamoja mapema, tarehe zote ziwe moja.

Kutochaguliwa hakukuwa mwisho wa Tshiebwe. Indiana Pacers walimpa mkataba wa pande mbili, na baadaye akapata mwingine Utah Jazz. Kila timu ina nafasi tatu za namna hiyo: mchezaji anagawa muda kati ya NBA na ligi ya chini, hazidishi michezo 50 kwenye kikosi cha NBA, na mshahara wake ni nusu ya ule wa chini kabisa wa chipukizi. Kwa mtu wa miaka 23, wakati mwingine ni heri hivyo kuliko kuchaguliwa wa 58 na timu isiyokutaka, kwa sababu asiyechaguliwa anajitafutia timu yenye nafasi.

Na wanaodai miaka 23 ni uzee tuwakumbushe marehemu Dikembe Mutombo wa Kinshasa. Denver Nuggets walimchagua wa nne mwaka 1991 akiwa na miaka 25. Akawa beki bora wa ligi mara nne, na 2015 akaingia kwenye Jumba la Heshima. Enzi hizo kumaliza miaka yote ya chuo lilikuwa jambo la kawaida, kwa hiyo timu hazikushtuka.

SWALI: Habari za kazi. Kijana wangu ana miaka 16, ana urefu wa mita 2.03. Anaweza kuingia drafti akiwa na umri gani, na kumpeleka sekondari Marekani kunasaidia au kunachelewesha? (Mzazi, Mombasa)

JIBU: Sheria ya tangu drafti ya 2006 inataka mchezaji afikishe miaka 19 ndani ya mwaka wa drafti. Flagg alikuwa na 18 na bado aliruhusiwa kwa sababu alikuwa anatimiza 19 Desemba ya mwaka huohuo. Akisoma sekondari Marekani linaongezeka sharti la pili: mwaka mmoja upite tangu darasa lake lihitimu. Akibaki nje ya Marekani, sharti la pili halimhusu. Akitaka kuingia mapema lazima aandike barua siku 60 au zaidi kabla ya drafti, na anaweza kuiondoa mpaka siku kumi kabla. Asipoandika chochote akiwa bado nje ya Marekani, mwaka anaotimiza 22 jina lake linaingia lenyewe.

Ulrich Chomche wa Kameruni alitoka moja kwa moja akademi ya NBA iliyoko Senegal na kuchaguliwa wa 57 mwaka 2024 akiwa na miaka 18. Njia ya chuo, kwa upande wake, sasa ina fedha: tangu Julai 2021 mwanafunzi anaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura yake, ingawa mgeni mwenye viza ya mwanafunzi apate kwanza ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kusaini chochote. Fedha hizo ndizo zinazowafanya wengi wabaki chuoni na kuingia drafti wakubwa. Msikimbize umri, mama au baba. Muulizeni kocha wa huko aendako swali letu lilelile la dakika.

SWALI: Utah walikuwa wabovu kuliko wote msimu wa 2024/25, wakapewa namba tano. Dallas wakapewa ya kwanza. Kuna ujanja? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Ni hesabu ya bahati nasibu. Mipira 14 yenye namba huwekwa kwenye mashine, inatolewa minne, na bila kujali mpangilio kuna michanganyiko 1,001. Mmoja hautumiki, 1,000 inagawanywa kwa timu 14 zilizokosa mchujo wa kuwania ubingwa. Kwa utaratibu ulioanza 2019, timu tatu za mwisho hupata 140 kila moja, yaani asilimia 14. Mashine huamua nafasi nne za juu tu, zinazobaki hufuata ubovu wa rekodi, ndiyo maana wa mwisho kabisa hawezi kushuka chini ya tano. Ila uwezekano wa kuangukia hapo ni asilimia 47.9, karibu nusu! Detroit Pistons yaliwakuta 2023 na 2024 mfululizo. Dallas walikuwa na asilimia 1.8.

SWALI: Nawasalimu kutoka Kampala. Khaman Maluach alivaa kofia ya Houston usiku wa drafti ya 2025, kesho yake naambiwa ni wa Phoenix. Na je, kwa urefu ule hatapita njia ya Thabeet? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Namba kumi ilikuwa ya Houston, na tayari walishakubaliana kuipeleka Phoenix katika biashara iliyomleta Kevin Durant Houston. Biashara hiyo haikuwa imeidhinishwa rasmi mpaka Julai, kwa hiyo mchezaji anavaa kofia ya timu inayotaja jina lake.

Wote wawili ni masenta warefu waliochelewa kuanza, ila Maluach, aliyekulia kwenu Uganda, aliingia na miaka 18 na miezi tisa. Ana zaidi ya miaka mitatu ya kukosea ambayo Thabeet hakuwa nayo, na chuoni Duke aliingiza zaidi ya asilimia 70 ya mitupo huru. Misimu miwili ya kwanza msihesabu pointi zake. Hesabuni faulo kwa dakika, na kama anabaki uwanjani wapinzani wanapoingiza watu watano wanaotupa kutoka mbali. Mtakaotaka kutazama drafti moja kwa moja, huanza saa mbili usiku New York, ambayo kwenu ni saa tisa usiku, na siku hizi raundi ya pili hufanyika usiku unaofuata.